RAM Iendayo Mbio: Tunapata Nini, Tunalipa Nini

Hotuba kwa mafundi na wanafunzi wa kompyuta, Dar es Salaam

Walimu wangu, shikamooni. Mafundi wenzangu na wanafunzi, habari za jioni.

Kabla sijasema lolote, tazameni mashine iliyo kwenye meza ile ya kona. Asubuhi ya leo niliingia BIOS, ile programu ya mipangilio ya msingi ya mashine, nikaibana RAM yake, yaani kumbukumbu yake ya kufanyia kazi, kupita kiasi kwa makusudi, na nusu saa iliyopita nikaiwashia MemTest86, programu ya kuikagua RAM. Mchana wa leo, ikiwa katika hali hiyo hiyo, mashine ile ilifungua Windows, ikacheza video, ikafungua Excel, na kijana mmoja aliyeitumia akasema inakwenda vizuri sana. Tuiache iendelee na kazi yake, tutairudia.

Nimeombwa nizungumzie kupandisha kasi ya RAM, au kama wenyewe mnavyosema, kuovakloki, na kama jambo hilo lina maana kwa mtu anayetumia kompyuta yake kila siku. Jibu nalitoa sasa hivi, ili mwenye daladala ya kuwahi aondoke nalo. Hatua ya kwanza ina faida kubwa, na wengi mlioko humu hamjaichukua ingawa mmeshailipia. Hatua zinazofuata zina faida ndogo, na malipo yake hayatoki mfukoni, yanatoka kwenye uaminifu wa kile mashine inachokumbuka. Mimi niliyalipa malipo hayo, na nitawaeleza nilivyoyalipa.

Tuanzie ndani ya chipu. Biti moja ya RAM ni kapasita ndogo mno pamoja na transista moja inayofanya kazi ya mlango. Wazo hilo ni la Robert Dennard wa IBM, aliyepewa hataza yake mwaka 1968, na mpaka leo kompyuta zetu zinaishi juu yake. Kapasita ikiwa na chaji tunasoma moja, ikiwa tupu tunasoma sifuri. Shida yake ni kwamba inavuja. Ni mtungi wenye ufa: umeujaza asubuhi, ukirudi jioni umebaki nusu, na huwezi tena kusema kwa hakika kama ulikuwa umejazwa au haukujazwa. Kwa sababu hiyo RAM haipumziki. Kwa RAM ya kizazi cha DDR4, ndani ya kila milisekunde 64 safu zote lazima zisomwe na kujazwa upya, na kazi hiyo imegawanywa mara 8,192, yaani amri ya kujaza inatoka takriban kila mikrosekunde 7.8. Joto nalo linauongeza ule ufa. Chipu ikivuka nyuzi 85 za Selsiasi, kanuni inataka ijazwe mara mbili ya kawaida.

Nawaomba mubaki na mtungi huo kichwani, maana ndio ulioniumiza.

Sasa twende kwenye namba zilizoandikwa juu ya kijiti cha RAM. Kijiti cha DDR4-3200, muuzaji atakwambia ni megahezi 3200. Saa yake kwa kweli inapiga mara milioni 1,600 kwa sekunde, ila data inapita mara mbili katika kila pigo, ndipo tunapata safari milioni 3,200. Kila safari inabeba baiti 8. Zidisha: gigabaiti 25.6 kwa sekunde. Ukiwa na vijiti viwili vinavyofanya kazi katika chaneli mbili, yaani njia mbili za data kwa pamoja, gigabaiti 51.2.

Halafu kuna ile CL. Hiyo ni idadi ya mapigo ya saa tangu amri ya kusoma itoke mpaka data ianze kutiririka. Watu huiangalia peke yake wakasema CL16 ni nyepesi kuliko CL30, wakati mapigo yenyewe hayalingani kwa urefu. Ipo hesabu moja ndogo ambayo ningependa kila fundi aliye humu aijue kwa kichwa: chukua 2000, zidisha kwa CL, gawanya kwa kasi iliyoandikwa kwenye kijiti. Jibu ni nanosekunde. DDR4-3200 yenye CL16 inatoa 10. DDR4-3600 yenye CL18 inatoa 10. DDR5-6000 yenye CL30 inatoa 10. Na kwa wale wa umri wangu wanaokumbuka DDR-400, ile nzuri ya CL2 iliyotamaniwa na kila mtu miaka ya mwanzoni ya 2000, fanyeni hesabu: 2000 mara 2, gawanya kwa 400. Kumi.

Miaka zaidi ya ishirini imepita na kumi ni ile ile. Tumepanua mlango wa ukumbi ili watu wengi watoke kwa pamoja, lakini yule wa kwanza kutoka bado anachukua muda ule ule kufika mlangoni. Na hizo nanosekunde kumi ni kipande tu cha safari. Kuanzia prosesa inapokosa data ndani yake mpaka data ifike kutoka kwenye RAM, kompyuta za siku hizi hutumia kama nanosekunde 60 mpaka 90. Kwa hiyo mtu anapokesha usiku kucha kupunguza CL kutoka 16 hadi 14, amepunguza nanosekunde moja na robo kwenye safari ya sabini. Naheshimu bidii yake, lakini lazima ajue alichopata.

Basi ile hatua ya kwanza ni ipi?

Viwango vya RAM vinapangwa na taasisi ya JEDEC, na vimepangwa kwa tahadhari ili kijiti kiwake kwenye mashine yoyote. Ndani ya kila kijiti kuna chipu ndogo inayohifadhi jedwali la viwango vyake. Kijiti cha gemu kinachouzwa kama 3600, ukikichomeka tu kikawaka, mara nyingi kinasoma mstari wa JEDEC na kukimbia kwa 2133 au 2400 au 2666. Kasi uliyoilipia iko kwenye mstari mwingine wa jedwali lile lile, profaili inayoitwa XMP, ambayo Intel waliileta mwaka 2007, au EXPO, ambayo AMD waliileta mwaka 2022. Profaili hiyo haijiwashi. Mwenyewe uingie BIOS, uichague, uhifadhi, utoke. Ni dakika mbili.

Mwaka jana kijana mmoja aliniletea mashine yake akilalamika kwamba gemu zinakwamakwama. Ilikuwa na Ryzen 5 5600G, ile prosesa yenye grafiki ndani yake, bila kadi ya pembeni. RAM ilikuwa vijiti viwili vya DDR4-3600, vizuri kabisa, na alivichagua kwa kusoma. Nikafungua kifuniko. Madabodi ilikuwa na nafasi nne, na vijiti vyote viwili vilikuwa vimechomekwa kwenye nafasi mbili za karibu na prosesa, vimekaa bega kwa bega kama ndugu. Kwenye madabodi nyingi nafasi hizo mbili ni za chaneli moja. Nikaingia BIOS: 2133.

Hebu tupige hesabu pamoja. Chaneli moja ya 2133 ni gigabaiti 17 kwa sekunde. Chaneli mbili za 3600 ni gigabaiti 57.6. Kijana huyu kwa zaidi ya mwaka mzima alikuwa akitumia chini ya theluthi ya alichokinunua, na grafiki ya ndani ya prosesa haina kumbukumbu yake yenyewe, inakula kutoka sufuria hiyo hiyo moja. Nikahamisha kijiti kimoja, vikakaa nafasi ya pili na ya nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa. Nikawasha XMP. Gemu aliyoileta kama ushahidi wa kesi yake ikaanza kuteleza mbele ya macho yake, hatukuhitaji kipimo. Hakununua hata skrubu.

Ndiyo maana nasema wengi hamjaichukua hatua hii. Leo mkifika nyumbani bonyezeni Ctrl, Shift na Esc, fungueni Performance, kisha Memory, msome palipoandikwa Speed. Kisha mlinganishe na stika ya kijiti.

Wenye kompyuta za mezani za mtumba, zile za maofisini zinazotoka Ulaya na Marekani na kujaa madukani Kariakoo, nyinyi habari yenu ni nyingine. BIOS za mashine hizo kwa kawaida hazina mahali pa kupandisha kasi ya RAM hata kidogo. Prosesa kama i5-8500 ukomo wake rasmi ni 2666, na kwenye mashine kama hizo ukiweka kijiti cha 3200 kitakimbia kwa 2666, basi. Laptopu nyingi nazo ni hivyo hivyo, na nyingine RAM imechomelewa kabisa kwenye bodi. Msitoe pesa ya ziada kununua namba ambayo mashine haitaitumia. Lakini kama ndani kuna kijiti kimoja, weka cha pili kinachofanana nacho. Kwa mashine hizi hiyo ndiyo overkloki yenu, halali na salama, na inazidisha upana wa njia mara mbili.

Na kama una gigabaiti 8 tu na kompyuta inajikokota ukifungua kurasa nyingi, wala usifikirie kasi. RAM ikijaa, Windows inaanza kuhamishia mizigo kwenye diski. Hata SSD nzuri ya NVMe hujibu kwa makumi ya mikrosekunde, wakati RAM inajibu chini ya sehemu moja ya kumi ya mikrosekunde. Ni tofauti ya mara mamia. Hakuna taimingi, yaani zile namba za kusubiri kama CL, itakayokuokoa hapo. Ongeza ukubwa.

Tuje sasa kwenye ng'ambo ya profaili, kule vijana mnakokupenda. Unaacha alichokihakikisha mwenye kiwanda, unaanza kusogeza namba mwenyewe: kasi, volti, taimingi moja baada ya nyingine.

Faida ipo, sitawadanganya. Programu za kubana mafaili kama 7-Zip zinafurahia sana RAM inayojibu upesi. Gemu zinazobana prosesa, hasa kwa mtu mwenye kadi kubwa ya grafiki anayecheza kwa 1080p, zinapata fremu kadhaa za ziada, na zile fremu za chini zinazokwaza macho zinanyanyuka. Lakini mtu huyo huyo akihamia skrini ya 4K, kadi ndiyo inayokuwa na kazi, prosesa inasubiri, na RAM yake ya kukesha haina wa kumwonyesha. Mwenye Ryzen 7 5800X3D au 7800X3D ana megabaiti 96 za kashe, kumbukumbu ya haraka iliyo ndani ya prosesa, kwa hiyo prosesa yake haigongi hodi kwenye RAM mara nyingi kama nyingine, na faida inazidi kupungua. Anayeandika ripoti na kusoma barua pepe hataona kitu.

Tena, kasi kubwa zaidi inaweza kukurudisha nyuma, na hapa wengi wanapotea. Kwenye Ryzen za DDR4, njia ya ndani ya prosesa, ile Infinity Fabric, hupenda kutembea sambamba na saa ya RAM. Kwa 3600, njia hiyo inakwenda kwa 1800, na prosesa nyingi za mfululizo wa 5000 zinamudu hapo na kidogo juu yake. Ukipandisha RAM hadi 4000 na prosesa ikashindwa kufuata, mfumo unaachanisha hatua, mmoja anatembea na mwingine anakimbia, na muda wa kusubiri unaongezeka. Umenunua RAM ya bei kubwa, umepata mashine nzito zaidi. Intel nao tangu kizazi cha 11, mwaka 2021, wana Gear 1, ya kutembea sambamba na RAM, na Gear 2, ya kutembea kwa nusu yake, na jambo ni hilo hilo. Kwa Ryzen 7000 AMD wenyewe waliitaja DDR5-6000 kuwa ndipo mahali pazuri pa kusimama. Nami nawaambia simameni hapo.

Niwaeleze sasa malipo yangu.

Mwaka 2018, mwezi wa Julai, nilikuwa na mashine niliyojivunia. Nilizibana taimingi zake kwa wiki tatu. Kati ya nilivyogusa ni ile nafasi kati ya amri moja ya kujaza mtungi na nyingine. RAM inapojazwa haiwezi kusomwa, kwa hiyo ukichelewesha kujaza unapata kasi kidogo ya ziada, na mimi niliichelewesha mara kadhaa ya kiwango. Nikaijaribu kwa muda wa saa moja tu, usiku, na Julai hapa mnaijua, upepo wa kusi unaingia dirishani. Hakuna kosa hata moja. Nikafunga kifuniko nikajiona fundi.

Februari 2019 nikaenda Pangani na kinasa sauti kidogo, nikakaa siku nne na bibi yangu mzaa mama. Alinisimulia jinsi visima vya mtaa wao vilivyochimbwa na nani alikipa kila kisima jina lake. Aliimba nyimbo za kutwanga. Alinisahihisha kila nilipokosea jina la mtu, na sauti ya kunisahihisha nayo iliingia kwenye kinasa. Nikarudi Dar, saa nane mchana, joto lile la Februari, nikahamisha kila kitu kwenye mashine, nikabana mafaili kwenye zipu kumi na moja, nikanakili zipu hizo kwenye diski ya nje kwa usalama, kisha nikafuta kinasa ili nikirudishe kwa mwenyewe.

Bibi alifariki mwaka uliofuata. Tulipokusanyika kwa khitma nikasema nitawasikilizisha sauti yake. Zipu nane zilifunguka. Tatu ziligoma, programu ikasema ukaguzi wa data haulingani. Nikakimbilia diski ya nje: zile zile tatu, kosa lile lile, kwa sababu nilikuwa nimenakili kwa uaminifu kitu kilichokwisha kuharibika. Simulizi ya visima ilikuwa ndani ya moja kati ya hizo tatu.

Usiku ule nilirudi kwenye mashine. Kesho yake mchana nikaiwashia jaribio, madirisha yamefungwa, kadi ya grafiki inafanya kazi. Makosa yakaanza kabla ya dakika arobaini kuisha. Nikarudisha RAM kwenye profaili yake ya kiwandani, nikaiacha ijaribiwe mchana kutwa na usiku kucha. Hakuna hata moja. Mtungi ulikuwa unajazwa kwa kuchelewa, na joto lilikuwa limeupanua ufa. Katika miezi yote ile mashine haikuwahi kuzima ghafla, haikuwahi kuleta skrini ya bluu. Ilikuwa inabadilisha biti moja hapa na moja pale, kimyakimya, na kuniandikia kwenye diski.

Hicho ndicho ninachotaka mkielewe kuliko vyote nilivyosema. Prosesa iliyopandishwa kasi kupita uwezo wake mara nyingi huanguka, ukajua. RAM inaweza isianguke. Inakupa jibu lisilo sahihi kwa sauti ile ile ya kujiamini.

Na RAM hukosea hata bila kuchokozwa. Mwaka 2009 watafiti wa Google pamoja na mwenzao wa Chuo Kikuu cha Toronto walichapisha utafiti wa seva za Google, wakaeleza kwamba zaidi ya asilimia 8 ya vijiti vilipata kosa ndani ya mwaka mmoja. Seva hizo zina ECC, teknolojia inayogundua biti iliyogeuka na kuisahihisha. Kompyuta zetu za nyumbani kwa kawaida hazina. Mtaniambia DDR5 inayo. Ndiyo, ila ile iliyojengwa ndani ya kila chipu inalinda kilichomo ndani ya chipu tu. Njia kutoka kwenye chipu hadi kwenye prosesa haiilindi, na njia hiyo ndiyo inayobeba mzigo wa kasi unayoiongeza.

Volti nayo ina habari yake. DDR4 kwa kawaida inatumia volti 1.2, profaili nyingi za XMP zinaipeleka 1.35. DDR5 inaanzia 1.1. Mtu hudhani anagusa kijiti peke yake, kumbe madabodi inapowasha profaili inaweza kupandisha pia volti ndani ya prosesa, upande unaozungumza na RAM. Mwaka 2023 hilo liliwafika wenye Ryzen 7000, hasa za X3D. Prosesa kadhaa ziliungua kwenye soketi, nyingine zikavimba chini, na hatua iliyochukuliwa ilikuwa kutoa BIOS mpya zinazozuia volti ya upande huo, inayoitwa volti ya SoC, isivuke 1.3. Watu wengi kati yao hawakuwa watundu, walikuwa wamewasha EXPO tu. Kwa hiyo sasisha BIOS kwanza, ndipo uwashe profaili. Na mjue kwamba AMD wameandika wazi kuwa kupandisha kasi ya RAM kupita kiwango rasmi cha prosesa kunaondoa dhamana, hata ukitumia EXPO yao wenyewe.

Fundi aliyeko humu, ukimpandishia mteja RAM bila kumwambia, umeigusa dhamana yake bila ruhusa yake. Mimi siku hizi namwambia mteja, naandika kwenye risiti, na sitoi mashine dukani bila jaribio la usiku kucha. Wateja wengine wanakasirika kwa kusubiri. Nawaacha wakasirike.

Kwa anayetaka kufanya hivyo kwa ajili ya kujifunza, fanya kwa moyo wote. Sijui njia nyingine inayomfundisha mtu haraka hivi namna mashine inavyofanya kazi. Ila tumia mashine isiyo na kazi ya mtu ndani yake. Chomoa diski yenye picha na vitabu vyako, weka diski ya majaribio. Badilisha kitu kimoja, jaribu, andika kwenye daftari, ndipo uguse kingine. MemTest86 inawaka kutoka kwenye flashi, na toleo la bure linakwenda mizunguko minne, iache imalize yote. Baada ya hapo jaribu tena ukiwa ndani ya Windows kwa programu kama TestMem5, huku kadi ya grafiki ikitoa joto lake, na ufanye hivyo saa nane mchana, usisubiri usiku wenye upepo. Umeme ukikatika katikati ya jaribio, usiunganishe saa za kabla na za baada. Anza upya. Mwenye UPS aitumie.

Mashine ikikataa kuwaka, usiogope. Chomoa waya wa umeme, toa ile betri bapa ya CR2032 kwenye madabodi, subiri dakika chache, irudishe, na BIOS itakuwa imesahau ulichoiagiza. Kwa wenye DDR5 kuna jambo la kuvumilia: ukiweka RAM mpya au kubadilisha kasi, skrini inaweza kubaki nyeusi dakika kadhaa wakati mashine inajipima na RAM yake. Nimeona watu wanazima na kuwasha mara tano mfululizo, kisha wanasema madabodi imekufa. Kaa, kunywa chai.

Na vijiti vinne vya DDR5 visiwatamanishe. Ryzen 7000 ikiwa na vijiti viwili ukomo wake rasmi ni 5200, ikiwa na vinne unashuka hadi 3600. Nunueni viwili vikubwa.

Naona kuna vijana wawili wameshageuza shingo kuangalia meza ya kona tangu niliposema visima. Haya, tusogee wote. Wa nyuma panda kwenye viti mwone.

Mzunguko wa kwanza haujaisha na kuna makosa sita. Nawasomea la mwisho. Programu iliandika FFFFFFFF, yaani biti 32 zote zikiwa moja, ikaenda, ikarudi kusoma mahali pale pale, ikakuta FFFFFFBF. Hiyo herufi B iliyo katikati ya F zote, mnaiona? Biti moja kati ya 32, ilikuwa moja imekuwa sifuri. Ndiyo mashine ile ile iliyofungua Excel mchana. Ingekuwa mshahara wa mtu, ingekuwa namba nyingine.

Aliye karibu na ukuta azime swichi. Nani ana tochi kwenye simu? Nimulikie hapa, nitoe betri, tuirudishe kwenye profaili yake na tuiache ijaribiwe mpaka asubuhi.